Van mpya, MC mpya: mizigo utaipata wapi

Ndugu, umeuliza mizigo ya van yako utaipata wapi. Kwa MC (kibali cha kubeba mizigo Marekani) ya wiki tatu, kuhangaika na DAT (ubao wa mizigo mtandaoni) peke yake kutakuchosha. Madalali wengi wa Marekani hawampi mzigo mwenye MC chini ya siku 90, wengine miezi 6. Kwa sasa ingia chini ya kampuni ya mizigo ya haraka iliyomo Sylectus, mtandao wa kampuni za mizigo ya haraka. Mizigo mingi ya van hupita huko. Asilimia watakayokukata, na nani analipa bima, viwe kwenye maandishi.

Ukijitegemea, sheria inataka bima ya dola 300,000 kwa van, lakini dalali atadai milioni 1 pamoja na 100,000 ya mzigo.

Pima uwazi wa mlango wa nyuma kabla hujapiga simu, usipime ndani tu. Mlango ni mfupi kuliko paa, na paleti ndefu hukwama hapohapo forklifti ikiwa imeshainua. Pima pia upana wa ndani kati ya vifuniko vya matairi.

Hesabu na maili tupu: dola 400 kwa maili 300 inavutia, ila ukienda tupu 120 kuuchukua, unabaki na senti 95 kwa maili. Usipakie bila karatasi ya bei iliyosainiwa.