Nyinyi wapya wa shedi, kopo la oili na selfi haviendi pamoja

Nimenyamaza miezi lakini Jumamosi imenishinda. Kijana wetu mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu ni mchapakazi na nampenda, amejikunja pale kwenye konrodi, ule mkono wa chuma unaosukuma magurudumu ya injini yetu ya mvuke, kopo la oili mkono huu, simu mkono ule, anajipiga selfi. Akamaliza, akapost, halafu akanigeukia mimi, mimi jameni, "Bro, nilikuwa nimefika wapi?" Fundi mkuu aliniuliza kama presha imepanda. Ilipanda. Kwa hivyo someni haya kabla hamjaja tena, na mkiona nakaripia mjue ni mapenzi.

1. Bloa, ile ya kuvuta hewa ipite motoni, kwanza, moto baadaye. Siku zote. Injini yetu inachoma oili (ya kuwasha, si hii ya kopo), haina subira ya makaa, na bana, kile kinachonyunyizia oili motoni, ikizimika huku oili inaendelea kuingia kwenye matofali ya moto ule mvuke wake utajikusanya, ukiwaka unatoka kupitia mlango na wewe ndio umesimama mlangoni. Nyusi zinaota tena, lakini polepole sana. Bana imezimika? Funga oili, acha bloa ipitishe hewa, ndio uwashe upya.

2. Vioo vya kuonyesha maji ya boila ni viwili na vyote vinapulizwa kabla ya kitu kingine chochote. Kioo kilichoziba kitakuonyesha maji ambayo hayapo. Usiniambie "yalikuwa yanaonekana".

3. Kutia oili ya kulainisha. Hapa ndipo nimekuja hasa.

Mnajua vile tunafanya, unazunguka injini na kujaza vikombe vya oili, kizibo baada ya kizibo. Kwenye ekseli kuna utambi wa sufu unaonyonya oili hata injini ikiwa imesimama, ndio maana tukimaliza kazi jioni tunazitoa tambi, na asubuhi anayesahau kuzirudisha tunamjua kwa jina. Kwenye kile kichwa kikubwa cha konrodi mambo ni tofauti, oili inarushwa na mzunguko wenyewe, ukiondoka kikombe kikiwa kitupu hakuna kitu cha kukuokoa.

Sasa miaka hiyo nilikuwa kama nyinyi, ovoroli mpya imepigwa pasi (ndiyo, niliipiga pasi), ni siku ya wageni, watoto wamejaa, na mimi ndio nimepewa kopo. Nikafika upande wa kulia, nikafungua kizibo cha konrodi, na hapo hapo mzee mmoja mstaafu wa reli akaja na wajukuu wake akaniomba niwaelezee watoto vile valvu zinafanya kazi. Basi nikajiona profesa. Nikarudisha kizibo ili vumbi lisiingie, angalia nilivyokuwa makini, nikaweka kopo kwenye ngazi, nikaeleza Walschaerts, ule mtambo wa kuendesha valvu, kwa mikono miwili, watoto wakanipigia makofi. Niliporudi nikaona kizibo kimefungwa vizuri, nikajiambia kulia kumeisha, nikaenda kushoto.

Tuliondoka na mabehewa yamejaa. Kwanza ilikuja harufu, nikadhani ni rangi mpya kwenye boila. Halafu sauti ya kugonga, ko, ko, ko, kila tairi likizunguka, na dereva akanitazama bila kuniuliza kitu. Tuliposimama nikashuka nikaona waitimeto ya beringi, ule mchanganyiko wa bati na antimoni na shaba, imetoka kwa matone imeganda juu ya konrodi kama nta ya mshumaa. Abiria walirudishwa na dizeli. Dizeli! Yule mzee alipita karibu yangu na wajukuu wake, akasema "pole, kijana," na ile pole ilinichoma kuliko matusi.

Matusi yalikuja baadaye, fundi mkuu hakunionea huruma, na kila mtu shedini alisikia. Konrodi ikateremshwa, beringi ikamwagwa upya, ikachongwa, kisha ikaja ile kazi ya kupaka bluu, rangi ya kuonyesha palipogusa, kufungia, kufungua, kukwaruza pale palipogusa, kufungia tena. Msimu wote tuliobaki nao ukaishia hapo na pesa iliyotumika ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mirija ya boila. Jamaa mmoja alijaribu kunifariji, eti hata Mallard, injini ya mvuke ya Waingereza, ilipovunja rekodi ya mwendo tarehe 3 Julai 1938, maili 126 kwa saa, beringi ya konrodi ya katikati ilipata moto vilevile. Nikamwambia asante, lakini ile ilikuwa na rekodi ya kuonyesha. Sisi tulikuwa tunapitwa na baiskeli.

Kwa hivyo: ukikatizwa, hata na mama yako mzazi, unaanza kizibo cha kwanza. Huulizi mtu ulifika wapi.

4. Moshi mweusi si sifa. Najua unapendeza kwa picha, lakini ni oili unayotupa na masizi kwenye mirija. Ukungu mwepesi wa kijivu unatosha. Mchanga wa kusafisha mirija unatupwa injini ikivuta, si mkiwa mmesimama stesheni karibu na nguo za watu.

5. Boila baridi inapashwa taratibu. Mwenye haraka apande matatu.

6. Regyuleta, ule mkono wa dereva wa kufungulia mvuke, kila mtu anautaka. Kila anayekuja ametoka kupiga picha na injini ya Mount Gelai pale makumbusho ya reli Nairobi, na simlaumu, zile injini za daraja la 59 za kiwanda cha Beyer Peacock zilikuwa 34, zimepewa majina ya milima yetu, zikivuta mizigo kutoka Mombasa usawa wa bahari mpaka Nairobi juu kule kwenye reli ya mita moja tu. Lakini muulizeni dereva yeyote wa zamani alianzia wapi. Atawaambia matambara ya kusafishia injini. Ukisafisha chuma kwa mkono ndio unaona ufa, nati iliyolegea, pini isiyokuwepo. Wiki mbili zilizopita dada mmoja mpya kabisa amegundua pini imekatika akiwa anapangusa tu, na hajawahi hata kuuliza ataendesha lini. Huyo atafika mbali kuliko nyinyi.

Jumamosi tunafungua kisanduku cha moshi kutoa masizi. Leteni maski na nguo mbovu. Simu zinabaki kwenye kabati, ufunguo nakaa nao mimi.