Nyoka Wako Anaumwa? Maswali ya Wafugaji wa Malindi na Lamu

Barua za wiki hii zote ni za nyoka, na nyingi zimeingia tangu kusi ianze kuvuma. Si ajabu. Nyoka hajitengenezei joto, hulitafuta nje, kwa hiyo hewa ikipoa yeye hupata taabu mapema na kuionyesha kwa kuchelewa. Nachukulia kila aliyeandika ana kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Asiye nacho ajue kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 haijali kuwa nyoka umemwokota shambani kwako mwenyewe.

Chatu wangu hajala wiki tatu. Rangi imefifia na macho yameingia ukungu wa buluu. Amepofuka? (Shella, Malindi)

Hajapofuka, bwana, anajiandaa kujivua gamba. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kiangavu ambacho nacho huvuliwa pamoja na ngozi nyingine. Kabla ya hapo majimaji hujaa baina ya gamba la zamani na jipya, ndiyo huo ukungu. Baada ya siku chache macho hung'aa tena, kisha ndani ya wiki hivi gamba linatoka. Kwa sasa haoni vizuri, hataki chakula wala kushikwa, na hata aliye mpole anaweza kukuuma. Mwache.

Kazi yako inaanza baadaye: okota lile gamba ulikague. La nyoka mzima hutoka zima, kama soksi iliyogeuzwa, na vile vikombe viwili vya macho vimo. Likitoka vipande vipande, mara nyingi ni hewa kavu. Huku pwani unyevu tunao wa kutosha, hivyo swali langu la kwanza huwa kama panka linampiga usiku kucha. Muweke kwenye karai la maji ya uvuguvugu, yasiyozidi unene wake, kwa nusu saa, nawe ukae hapo hapo. Kigamba cha jicho kikibaki, usikibandue kwa ukucha wala kibanio. Unaweza kulirarua jicho lenyewe.

Usiku nasikia sauti ya "tik, tik" kwenye sanduku lake. Asubuhi namkuta ameinua kichwa, mdomo wazi kidogo. Mke wangu asema ni hasira. (Barani, Malindi)

Hasira ya nyoka haidumu usiku kucha. Hii ndiyo barua iliyonitia wasiwasi kuliko zote, na natumai hukungoja jibu langu. Mdomo wazi, kichwa juu na sauti wakati wa kupumua ni dalili za maradhi ya mapafu. Nyoka hana kiwambo, yaani ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu yetu, cha kumsaidia kukohoa, basi makohozi yakijaa hana pa kuyapeleka. Anainua kichwa ili hewa ipate njia. Tazama puani kama kuna mapovu, na pembeni mwa mdomo kama kuna ute unaonata. Ukiweza kuona ndani, angalia fizi: zikiwa nyekundu, au zina utando wa manjano kama maziwa yaliyoganda, basi kinywa nacho kimeoza.

Chanzo cha kawaida ni baridi ikichanganyika na uchafu na umajimaji. Mtu anasema, "Malindi kuna joto, taa ya nini?" Mwezi wa Januari nitakubaliana naye. Mwezi wa Julai, sanduku likiwa juu ya sakafu ya saruji, hapana. Chatu anataka upande mmoja wenye nyuzi 30 hadi 32 na mwingine kama 26, achague mwenyewe. Pima kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Na taa iwe nje ya wavu: nyoka atajilaza juu ya kitu cha moto hadi aungue bila kuondoka.

Leo hii mpeleke kwa daktari wa mifugo. Wengi wao huku wamezoea mbuzi na punda, kwa hiyo msaidie: mpime nyoka kwenye mizani ya duka, andika uzito na tarehe aliyokula mwisho, na mrekodi kwa simu anavyopumua. Usimpe vidonge vyako vilivyobaki. Na kama hujui nyoka mwenye afya anavyopumua, siku nyingine kasimame mbele ya vioo vya Bio-Ken, shamba la nyoka kule Watamu, wapo tangu 1980. Ni kimya kabisa, mdomo umefungwa, mbavu zinakwenda taratibu.

Nyoka wangu haondoki kwenye bakuli la maji siku ya nne sasa, na majini mna vidoa vyeusi. Jirani ana dawa ya kupe ya mbuzi. (Langoni, Lamu)

Dawa ya jirani irudi kwa mbuzi! Inaweza kumuua nyoka kabla ya hao wadudu. Pia usipulize dawa ya mbu chumba alimo. Hivyo vidoa ni utitiri wanaomnyonya damu. Ameingia majini kuwakimbia. Pitisha karatasi nyeupe ya chooni mgongoni na chini ya kidevu, halafu tazama kando ya macho, utawaona wakitembea. Choma maranda yote, osha sanduku kwa maji yanayochemka hasa kwenye pembe, kisha tandika karatasi nyeupe tupu. Rudia kwa wiki kadhaa, maana mayai hujificha kwenye nyufa, si juu ya nyoka. Dawa ya kumpaka ataichagua daktari.

Kinyesi chake kina kitu cheupe kama chokaa. (Mayungu)

Ndio mkojo wake. Ukiwa wa kijani, au kinyesi kikiwa na damu au minyoo, niandikie tena.

Alikula panya Ijumaa, Jumapili amemtapika mzima mzima. Ijumaa usiku wageni walimshika kupiga picha. (Maweni, Malindi)

Wageni hao ndio jibu, dada. Asishikwe saa 48 baada ya kula. Sasa usimlishe tena haraka kwa huruma. Mpe maji, mwache siku 10 hadi 14, kisha mpe panya mdogo kuliko yule, asiyezidi unene wa tumbo lake. Akitapika mara ya pili bila kushikwa, na joto la sanduku liko sawa, hilo ni la daktari.

Mama mkwe anasema nyoka atawaambukiza watoto. (Ganda)

Mama ana hoja. Nyoka anayeonekana mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, inayoharisha watu vibaya, hasa watoto wa chini ya miaka 5 na wazee. Bakuli lake lisioshwe pamoja na vyombo vya chakula, na kila aliyemgusa anawe kwa sabuni. Mdogo wa nyumba asimguse kabisa.