Kisu cha kukunja kwa tupa, keekee na msumeno mkuukuu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwenye zana chache na siku mbili za mapumziko aanzie wapi akitaka kujitengenezea kisu chake cha kwanza cha kukunja? Jibu langu: aachane na kamani (springi ya kubana bapa), aachane na kufuli la kulizuia bapa lisijifunge, na moto asiuwashe kabisa. Muda atakaouokoa aumalizie kwenye tundu moja la pini, ule msumari ambao bapa, yaani chuma chenye makali, huzungukia. Kisu cha kukunja hufaulu au hufeli hapo.

Najua watakuwepo wa kusema kisu kisicho na kufuli ni cha kuchezea. Lakini Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vyake huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na ile pete ya kufungia bapa haikuja mpaka 1955. Miaka 65 watu walivitumia hivyo hivyo. Wajapani nao wana higonokami: bapa, bati lililokunjwa kuwa mpini, na pini moja. Kinacholizuia bapa lisijifunge ni dole gumba linalokandamiza kimkia cha bapa kilichotokeza nyuma ya pini. Mtindo huo wa kimkia ndio ninaoupendekeza.

Kwa chuma, tafuta msumeno wa mkono wa seremala uliochakaa. Bati lake ni jembamba, karibu milimita moja, na kiwandani lilishapikwa likawa gumu kiasi cha kushika makali, ila tupa bado inalila. Misumeno mingi ya siku hizi ina meno yaliyogumishwa zaidi, utayajua kwa weusi au ubuluu wa ncha zake. Ukanda huo kata utupe, maana tupa itateleza juu yake tu. Wapo wanaopenda kutumia tupa kuukuu badala ya msumeno, na kweli makali yake yanadumu zaidi. Ila inabidi uilainishe kwenye moto na majivu, uichonge, uipashe hadi sumaku ishindwe kuishika (huko ni karibu nyuzi 770 za Selsiasi), uichovye kwenye mafuta, kisha uioke kwenye nyuzi 200 hivi. Siku zako mbili zimekwisha. Hiyo iache kwa kisu cha pili.

Kabla ya kukata chuma, kata katoni. Bapa la milimita 70 kutoka pini hadi ncha, mpini wa 95 au 100, na pini ya kubandikia karatasi ubaoni mahali pa pini yenyewe. Fungua, funga. Ncha izame yote ndani ya mpini, makali yasiguse mgongo wa mpini, na kisu kikifunguliwa kimkia kilale juu ya mgongo huo na kukomea hapo. Katoni ikikataa, chuma hakitakubali.

Mpini ni mashavu mawili ya mbao ngumu na kipande cha mgongo katikati. Kipande hicho kikate kwenye bati lile lile la msumeno, ili unene wake uwe sawa na wa bapa, halafu unapokigandisha kwa gundi ya epoksi weka karatasi moja kila upande. Kanafasi hako ndiko kanakoliwezesha bapa kupita.

Sasa tundu. Bana bapa na mashavu yote pamoja, piga alama kwa senta panchi (chuma chenye ncha cha kugongea kidoa), tia tone la mafuta, toboa polepole kwa biti ya milimita 3. Keekee ya mkono hupenda kulalia upande. Laza kioo kidogo cha kujitazamia kando ya biti, kisha tazama taswira yake humo: biti na taswira vikiwa mstari mmoja ulionyooka, kutoka mbele na kutoka ubavuni, uko wima. Huu si udhia wa bure. Bapa linapofungwa huzunguka nusu duara, na kosa la pini huongezeka maradufu. Digrii moja tu, kwa bapa la milimita 70, inaweza kuipeleka ncha kando zaidi ya milimita 2, ikakwaruza shavu kila unapofunga.

Kuchonga makali hakuna siri: tupa, msasa, subira. Ukitumia mashine ya kusaga, shika bapa kwa vidole vitupu. Vidole vikishindwa na joto, chovya majini.

Pini ni msumari unaoingia kwa kubana, ukitokeza milimita 2 kila upande kupitia washa (kipete cha chuma) ndogo. Kabla ya kugonga, chomeka karatasi iliyolowa mafuta kati ya bapa na kila shavu. Kisha gonga kwa nyundo ndogo, vipigo vyepesi vya kuzunguka ukingo, ugeuze, ugonge upande wa pili, na kila baada ya vipigo vichache ufungue bapa na kulifunga. Likianza kuwa zito huku bado linaenda, acha. Nguvu ya ziada hapo hupasua mbao. Zivute karatasi vipande vipande. Bapa litakaa popote utakapoliachia, bila kucheza kushoto wala kulia.

Usikitumie kuchomea wala kutobolea, maana ncha ikikwama na dole gumba likaachia kimkia, makali yanarudi kwenye vidole. Kwa kukata kawaida kinatosha. Kikilegea baadaye, laza kichwa cha pini juu ya chuma kizito na ugonge tena mara mbili tatu.