Maswali ya Wasomaji: Mto Chini ya Banio

Swali: Kibali cha maji cha mtambo wetu mdogo wa umeme kinakaribia kuhuishwa. Mshauri wa mazingira apime nini? – Msomaji, Njombe

Jibu: Ndugu, apime maji yanayobaki kati ya banio, yaani kizuizi kinachochepusha maji kwenda mtamboni, na mahali mtambo unapoyarudisha mtoni. Wengi hupima chini ya mtambo, maji yakiwa yamesharudi, na kipande kilichokauka hakionekani kwenye ripoti. Aende Oktoba, kabla ya mvua. Agawanye upana wa mto vipande 20 hivi. Penye kina cha sentimita 50, kipima mwendo wa maji kikae sentimita 30 chini ya uso wa maji.

Aorodheshe pia viumbe wanaoishi kwa manyunyu ya maporomoko. Kwenye maporomoko ya Kihansi, hapa Tanzania, maji yalichepushwa kwenda mtambo wa umeme mwaka 2000. Vinyunyizio vikawekwa badala ya manyunyu yale, lakini vyura wake wakatoweka porini. Hasara ile inauma hadi leo.