Maswali na majibu: waraka wenu unaeleweka kweli?

Tumeandika maelezo ya dawa kwa Kiswahili chepesi. Kila mgonjwa tunayemwuliza anasema ameelewa. Haitoshi? (Muuguzi, Mbeya)

Haitoshi. Ukimwuliza mgonjwa "umeelewa?" ataitikia, kwa heshima au kwa kuona haya. Mwachie karatasi mkononi, kisha mpe kazi: "Umemeza kidonge cha kwanza saa 2 asubuhi. Cha pili utameza saa ngapi?" Kama mmeandika "kila baada ya saa 8", yuko atakayejibu saa nane mchana, wakati jibu ni saa kumi jioni. Na swali lenyewe lichagueni vizuri. Mkianzia saa 12 asubuhi, aliyeelewa na asiyeelewa wote watasema saa nane, na kosa litapita mbele ya macho yenu. Mimi ningeandika saa zenyewe: 12 asubuhi, 8 mchana, 4 usiku. Halafu ningepima tena.

Tuwapime watu wangapi? (Ofisa mawasiliano, Nairobi)

Wachache, ila kwa awamu. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2004 sharti kwamba karatasi ya maelezo ya dawa ipitiwe na wagonjwa wanaolengwa. Desturi ni watu 10, mnarekebisha, kisha wengine 10. Lengo ni asilimia 90 waipate habari waliyoulizwa, na asilimia 90 ya hao waielewe. Tazameni mpangilio huo: kwanza kuipata. Sentensi nzuri iliyofichwa ukurasa wa nne haimsaidii mtu. Wenzenu wa ofisini msiwahesabu, wanajua tayari kilichokusudiwa.

Programu ya kupima wepesi wa maandishi imeipa barua yetu alama mbaya. Tuiamini? (Mwandishi, Dodoma)

Hapana. Programu za aina hiyo mara nyingi hufuata kanuni ya Flesch ya mwaka 1948, inayohesabu maneno na silabi za Kiingereza na kuona neno refu kuwa gumu. "Hatutawalipa" ina silabi sita, na hata mtoto anaielewa.

Baadhi ya wanachama wetu hawasomi vizuri. Hatutawaaibisha? (Katibu wa Saccos, Singida)

Mwambieni mtu mapema, kwa dhati, kwamba inayopimwa ni barua. Kama nyumbani husomewa na mjukuu, waiteni wote wawili: mjukuu asome, bibi aeleze rejesho la kwanza la mkopo ni lini na akichelewa atatozwa nini. Akikwama, msimsahihishe hapo hapo. Wekeni alama kwenye sentensi iliyomkwamisha, mwacheni aendelee hadi mwisho, na jioni hiyo hiyo iandikeni upya.