Kwa mnaoanza kufuga nge bandia, kabla hamjawamaliza

Nge bandia ni wanyama wadogo wenye makoleo, yaani mikono ya kubania, tunaowaweka mizingani wakamate varoa, utitiri wa nyuki. Juzi nimemkuta kijana mmoja huku Sikonge amewarundika nge bandia wake wote kwenye chupa moja. Kifuniko kimetobolewa vizuri, chakula hakuna. Ati anawaacha wazoeane! Kesho yake waliobaki walikuwa wamenenepa. Nimeona niandike, maana kila mwaka ni yale yale.

1. Njaa. Nge bandia akikosa windo humla mwenzake, hasa anayejivua gamba. Mtoto hujivua mara tatu tangu aachane na mama yake mpaka akomae, na kila mara hujifungia kwenye kijumba cha hariri. Kiacheni. Msikipasue kuangalia kama yu hai. Alikuwa hai.

2. Nyufa. Mnaosoma habari za Ujerumani na Nyuzilandi, wenzetu kule wanamzungumzia Chelifer cancroides, wa kwenye nyumba na maghala. Afrika tunao wa jenasi ya Ellingsenius, wanaoishi na nyuki na kusafiri wameng'ang'ania miili yao. Mzinga wa gome una mikunjo ya kujificha. TBH zenu, mizinga ya mbao ya vipau vya juu, mmezipiga randa mpaka zinang'aa, halafu mnashangaa wamehama! Bandikeni vipande vya gome kavu ndani, pembeni ya masega. Gome la mti ulioanguka, jamani, msinichubulie myombo mzima.

3. Magunia. Hili nalisema kwa aibu. Nilitaka kitu cha kutandika kwenye masanduku ya kuzalishia, na jamaa yangu mkulima wa Urambo alikuwa na magunia ya juti yaliyochakaa. Nyuzinyuzi, mianya tele, tena bure. Nikayakata, nikatandika masanduku yote, bila kubakiza hata moja la tahadhari. Yalikuwa yamebeba tumbaku. Harufu niliisikia, mtu wa Tabora ataachaje kuijua? Nikajiambia imeshakauka, haina neno. Mimi huyu huyu ninayewafukuza wavuta sigara manzukini, kwenye mizinga! Nikotini watu wameitumia kuulia wadudu tangu enzi za mababu, nami nikawatandikia walale juu yake.

Wakatangulia kufa wale wadudu weupe wa kwenye mboji tunaowalisha. Nikasema unyevu umezidi, nikapunguza maji. Halafu nge wenyewe wakaanza kutoka mafichoni mchana, wanayumba, makoleo yamelegea. Kulikuwa na majike yenye vifuko vya mayai chini ya tumbo, niliowangoja msimu mzima. Hawakupona. Nikamwita kijana aliyekuwa akiwalisha, nikamfokea mbele ya mkewe kwamba ameshika masanduku na mikono yenye sabuni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachomoa kipande cha gunia, akakinusa, akanikabidhi, akaenda zake. Nilimwomba radhi jioni ile. Kwa mkewe nilichelewa, na mpaka leo nikipita kwao chai inaletwa bila sukari.

Kwa hiyo ukiniuliza "mzee, hiki kitambaa kinafaa?" swali langu ni moja tu: kilibeba nini?

4. Siafu. Pakeni grisi kwenye nguzo na waya wa kuning'inizia mzinga. Mkipuliza dawa mmeua wote.

5. Hesabu. Nusu kikombe cha nyuki, kama 300 hivi, malkia asiwemo. Sukari ya unga, tikisa, hesabu varoa walioanguka, kabla ya kuweka nge na baada. Anayeruka hatua hii ananiletea hadithi. Na msitegemee miujiza: varoa huzaliana ndani ya vyumba vya majana, yaani watoto wa nyuki, vilivyofunikwa, hasa ya madume, na humo nge haingii. Anamkamata anayetembea nje. Nyuki wetu wanastahimili varoa kuliko wale wa Ulaya, basi haraka ya nini?

6. Kuwahamisha. Brashi laini ya rangi, jioni, kwa utaratibu. Msiogope sumu; iko kwenye makoleo, mkia hawana, na wewe si windo lao. Wanaopaswa kuogopa ni wao, kwa vidole hivyo, maana mnyama mwenyewe ana milimita tatu, nne.

Jumamosi tunapasua mizinga ya gome iliyochakaa tuwakusanye. Kila mtu aje na brashi yake. Yangu imepotea, na aliyenayo anajijua.