Kabla hujalipia kipimo cha kotisoli

Ndugu wa Ntinda, umesema una miaka 34, umakini unakutoroka tangu utotoni, na maabara imekushauri upime kotisoli (homoni ya msongo) na CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) ili ijulikane kama una ADHD, yaani hali ya ubongo inayoleta shida ya umakini na kutotulia tangu utotoni. Shika pesa yako kwanza. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ADHD. CRP hupanda kwa malaria, jipu la jino, hata unene. Kotisoli nayo hufuata saa: juu asubuhi, chini kabisa karibu na usiku wa manane. Damu ikitolewa saa kumi jioni, kisha ikasomwa kwa viwango vya saa mbili asubuhi, utaambiwa una upungufu usio nao. Prednisoloni, dawa ya steroidi, huishusha kotisoli pia (kama unaitumia, usiiache ghafla!).

Nenda kwa daktari wa akili, hospitali ya akili ya Butabika, Kampala, kwa mfano, ukiwa na ripoti zako za shule ya msingi: dalili lazima ziwe zilianza kabla ya miaka 12, tena zionekane nyumbani na kazini, si kwa bosi mkali tu. Upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo huvuruga umakini vilevile. Hivyo ndivyo vya kupima. Ukiandikiwa methylphenidate, dawa ya ADHD, presha na mapigo ya moyo yapimwe kabla ya kuanza na kila dozi inapoongezwa. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.